Kumfundisha Simu Mtu Aliyepotewa na Maneno

Fundi seremala mwenye umri wa miaka 54 anaamka alfajiri, anataka kumwomba mkewe maji, na neno "maji" halitoki. Analijua. Anauona mtungi, anaiona kata, na kiu anaisikia. Lakini kinachotoka kinywani ni "ku... ku... hapana." Mkono wake wa kulia umelegea na pembe moja ya mdomo imeshuka. Baada ya majuma kadhaa ya matibabu anaanza kutembea kwa mkongojo, ila maneno hayarudi kama miguu ilivyorudi. Majirani wananong'ona kwamba fundi amerukwa na akili. Wateja wanaompigia simu hukuta kimya, nao hukata. Hatimaye simu yenyewe inachukuliwa na ndugu yake mdogo, kwa hoja kwamba mtu asiyeweza kusema hana haja ya simu.

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo hili, lakini hali inayoelezwa ni ya kawaida katika nyumba nyingi zilizopatwa na kiharusi. Jina lake la kitaalamu ni afasia. Hoja ya yule ndugu mdogo yafaa kuchunguzwa, maana ina makosa mawili: kosa la kwanza ni kudhani kwamba aliyepotewa na maneno amepotewa na akili, la pili ni kudhani kwamba hawezi tena kufundishwa.

AFASIA NI NINI

Afasia ni kuharibika kwa uwezo wa lugha kwa mtu ambaye tayari alikuwa nao, kutokana na madhara katika ubongo. Kiharusi ndicho kisababishi kikuu. Takriban theluthi moja ya watu wanaopatwa na kiharusi hupata afasia, angalau kwa siku za mwanzo. Majeraha ya kichwa, kama yale ya ajali za pikipiki, huweza kuleta hali hiyohiyo, na vilevile uvimbe au maambukizo katika ubongo.

Afasia si ububu, wala si kigugumizi, wala si wazimu. Lugha ina milango minne: kusema, kuelewa yanayosemwa, kusoma na kuandika. Afasia huigusa yote minne, ila si kwa kiasi kimoja. Mgonjwa mmoja huelewa karibu kila aambiwalo lakini hutamka maneno machache kwa taabu: "Jana... daktari... mguu... basi." Mwingine husema mfululizo kwa ufasaha wa sauti, lakini maneno hayaoani na maana, naye mwenyewe hana habari kwamba hasikiki vema. Wengi wako kati ya hao wawili.

Elimu ya jambo hili ina umri wa zaidi ya miaka 160. Mwezi Aprili 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, tabibu Paul Broca alimpima mgonjwa aitwaye Leborgne, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitamka silabi moja tu, "tan," ingawa alionekana kuelewa mengi. Leborgne alifariki siku chache baadaye. Broca alipouchunguza ubongo wake alikuta jeraha katika sehemu ya mbele ya nusu ya kushoto. Mwaka 1874 Mjerumani Carl Wernicke, akiwa na umri wa miaka 26 tu, alieleza afasia ya aina nyingine, ile ya maneno mengi yasiyo na maana, na kuihusisha na jeraha lililoko nyuma zaidi, upande huohuo wa kushoto. Siku hizi inafahamika kwamba lugha haikai katika vituo viwili tu, bali hutegemea mtandao mpana wa sehemu zinazowasiliana. Hata hivyo, kwa watu walio wengi, mtandao huo umeelemea upande wa kushoto.

Hapo ndipo penye sababu ya mkono wa kulia kulegea. Nusu ya kushoto ya ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili, na mshipa mmoja mkubwa, ateri ya kati ya ubongo, hupeleka damu kwenye sehemu za lugha na pia kwenye sehemu zinazoongoza mkono na uso. Ukizibika, vyote hukosa damu kwa pamoja. Kwa hiyo anayefundishwa kutumia simu, mara nyingi, ni mtu wa mkono mmoja, tena ule ambao hakuuzoea.

KILICHOBAKI

Mwalimu yeyote huanza na kile ambacho mwanafunzi wake anacho. Mtu mwenye afasia anazo kumbukumbu za nyuso, za njia, za kazi yake na za madeni anayodai. Seremala wa mfano wetu bado anatambua mbao ya mninga kwa kuinusa, na ubao uliopinda anauona kwa jicho moja. Tena hata katika lugha yako mambo yanayobaki. Maneno yaliyozoeleka mno, kama salamu, kuhesabu moja hadi kumi, nyimbo na sala, huweza kutoka yenyewe hata pale ambapo neno la kawaida limekwama. Mtoto akisema "Shikamoo," baba anajibu "Marahaba" bila kusita; dakika moja baadaye hawezi kulitaja jina la mtoto huyohuyo. Ndugu wasioelewa humshuku kwamba anajifanya. Hajifanyi.

Jambo jingine ni kwamba ubongo hauna ghala moja tu la kujifunzia. Mwaka 1953, nchini Marekani, kijana aliyejulikana katika vitabu kwa herufi H.M. alifanyiwa upasuaji ili kuzuia kifafa, na akapoteza uwezo wa kukumbuka mambo mapya. Mtafiti Brenda Milner alimpa zoezi la kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo. Kila siku H.M. alilifanya vizuri zaidi ya siku iliyotangulia, ingawa hakukumbuka kwamba amewahi kulifanya. Yeye hakuwa na afasia. Tatizo lake lilikuwa la kumbukumbu. Lakini alionyesha kwamba ujuzi wa mikono hujengwa kwa njia tofauti na ile ya maarifa yanayoelezwa kwa maneno. Kupiga randa, kuendesha baiskeli na kugusa alama fulani kwenye kioo cha simu ni ndugu wa ukoo mmoja. Hujifunzwa kwa kutenda.

SIMU NI MSITU WA MANENO

Anayesoma vizuri haoni jinsi simu ilivyojaa maandishi: "Ruhusu," "Ghairi," "Endelea," "Sasisha sasa." Kwa mwenye afasia kila kimojawapo ni kizingiti. Kuandika ujumbe kunahitaji tahajia, na tahajia ndiyo iliyovurugika. Kuamuru simu kwa sauti hakusaidii sana, kwa kuwa mtambo uliozoea matamshi ya kawaida hushindwa na maneno yanayokatikakatika.

Huku kwetu kuna kizingiti cha ziada: maandishi ya simu mara nyingi ni ya Kiingereza. Suala la wagonjwa wenye lugha nyingi liliwashughulisha wataalamu wa Ufaransa tangu zamani. Théodule Ribot alidhani kwamba lugha iliyotangulia kujifunzwa ndiyo inayodumu. Albert Pitres, mwaka 1895, alisema ni ile iliyokuwa ikitumika zaidi kabla ya ugonjwa. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba hakuna kanuni moja inayowafaa wote: wengine hupona lugha zote sambamba, wengine moja hutangulia. Kwa hiyo haifai kukisia. Mgonjwa aonyeshwe neno lilelile katika Kiingereza, Kiswahili na lugha ya kwao, naye aoneshe kwa kidole ni lipi analolielewa upesi. Simu nyingi za kisasa zina Kiswahili miongoni mwa lugha zake, na kuibadili ni kazi ya dakika moja.

Kwa upande mwingine, simu hiyohiyo ina mambo yasiyohitaji maneno: picha, ramani, uso wa mtu, sauti iliyorekodiwa. Wazo la kuwapa wenye afasia lugha ya picha lilikuwapo kabla ya simu hizi. Mwaka 1976 watafiti wa Boston walieleza jinsi walivyowafundisha wagonjwa wenye afasia kali kuwasiliana kwa kadi zenye michoro, na mwaka 1989 wenzao wa California wakaeleza mfumo wa namna hiyo uliohamishiwa kwenye kompyuta. Wagonjwa ambao hawakuweza kutunga sentensi kwa kinywa waliweza kupanga alama zikaleta maana. Simu ya mfukoni imerahisisha jambo ambalo wakati ule lilidai mashine ya kuwekwa mezani.

Tahadhari moja inahitajika hapa, kwani wako wauzaji wa programu wanaoahidi miujiza. Utafiti mkubwa uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2019 uliwahusu watu 278 wenye afasia ya muda mrefu. Kundi mojawapo lilijizoeza nyumbani kwa kompyuta, kwa muda wa miezi 6, maneno 100 ambayo kila mtu aliyachagua kwa mahitaji yake. Uwezo wa kuyataja maneno hayo uliongezeka kwa asilimia 16 hivi kuliko kwa wale waliopata huduma ya kawaida. Lakini mazungumzo yao kwa jumla hayakubadilika kwa kiasi cha kupimika. Kwa lugha nyepesi: kilichozoezwa ndicho kilichopatikana. Matokeo hayo hayapaswi kumvunja moyo mtu. Yanaonyesha kwamba kuchagua cha kuzoeza ni nusu ya kazi yenyewe.

JINSI YA KUFUNDISHA

Walimu waliopata kushiriki katika kisomo chenye manufaa, kilichoanza katika Kanda ya Ziwa ya Tanzania mwaka 1968, watakumbuka kwamba mkulima wa pamba alifundishwa kusoma kwa maneno ya pamba. Kanuni hiyo inafaa hapa. Seremala asianzishwe na mchezo wa kulinganisha picha za tembo na twiga. Anataka bawaba na misumari kutoka dukani, na anataka mteja ajue kwamba kabati limekwisha. Basi lengo la kwanza liwe hilo: kupiga picha ya bawaba na kuituma kwa mwenye duka.

Binti yake, aliye kidato cha tatu, anaiandaa simu kwanza. Anaondoa alama zote zisizohitajika kwenye uso wa simu na kubakiza nne. Kila jina katika orodha ya watu analiwekea picha ya mwenyewe. Simu anaiweka mezani juu ya kitambaa kizito kilicholowa kidogo, ili isiteleze ikiguswa kwa mkono mmoja, na anaisogeza upande wa kushoto, kwa sababu baadhi ya waliopatwa na kiharusi cha namna hii hawaoni vizuri vitu vilivyo kulia kwao.

Kisha kazi inagawanywa vipande: kufungua simu, kugusa alama ya kamera, kupiga picha, kugusa alama ya kutuma, kuchagua uso wa mwenye duka, kuthibitisha. Hapa wengi hukosea kwa kuanza mwanzo. Njia iliyo bora kwa wanafunzi wengi wa namna hii ni kuanza mwisho. Binti anazifanya hatua tano polepole huku baba anatazama. Baba anafanya ya sita peke yake, na picha inakwenda. Kesho yake anafanya ya tano na ya sita. Kwa utaratibu huo kila jaribio linamalizika kwa kufaulu, na mwenye duka anajibu kweli, jambo ambalo lina nguvu kuliko sifa yoyote ya mwalimu.

Kidole kikielekea pasipo pake, kizuiwe kwa upole kabla hakijagusa. Katika ufundishaji wa kawaida kosa ni mwalimu; lakini mtu ambaye hawezi kujieleza wala kukumbuka vizuri maelezo ya masahihisho huweza kulikariri kosa lenyewe. Marudio nayo yapangwe kwa nafasi zinazopanuka: baada ya dakika moja, kisha mbili, kisha nne, kisha nane, halafu jioni, halafu kesho. Dakika ishirini kila siku zafaa kuliko saa tatu za Jumapili, kwa maana uchovu baada ya kiharusi ni mzito kuliko unavyoonekana.

Daftari dogo la picha za hatua, ukurasa mmoja kwa hatua moja, litamfaa mgonjwa akiwa peke yake. Bahati mbaya ni kwamba simu hujibadilisha sura kila mara programu zinaposasishwa, na daftari la jana likawa la uongo leo. Hilo huwaudhi hata wenye lugha kamili. Binti na azime usasishaji wa sura pale inapowezekana, au awe tayari kulichora upya daftari.

Namna ya kusema nayo ni sehemu ya somo. Sentensi iwe fupi na yenye jambo moja: "Baba, tazama hapa." Kisha kimya, kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, bila kumdakia neno. Kupaza sauti hakuna faida, kwani masikio hayana kasoro. Sauti ya kubembelezea watoto ni matusi kwa mtu mzima. Tena "ndiyo" na "hapana" zisiaminiwe kwa kinywa peke yake, kwa maana mwenye afasia huweza kutamka moja akikusudia nyingine. Kichwa, kidole gumba au maandishi ya neno husaidia kuthibitisha. Utafiti wa Aura Kagan na wenzake huko Toronto, uliotolewa mwaka 2001, ulionyesha kwamba watu wa kujitolea waliofundishwa namna hii ya kuzungumza waliwafanya hata wagonjwa wenyewe waonekane wanawasiliana vizuri zaidi, ingawa wagonjwa hawakupewa mafunzo yoyote. Kwa nchi za Afrika Mashariki, ambako wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache mno, jambo hilo lina uzito: jamaa na majirani wanaweza kufundishwa.

NAMBA YA SIRI

Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, simu imekuwa mkoba wa fedha. Anayempokonya mgonjwa simu humpokonya na mkoba. Hili ndilo fundo gumu la somo zima, na familia nyingi hulikwepa.

Tarakimu ni lugha pia. Mtu anayekusudia 7 huweza kutamka tatu, au kuandika 1. Akilazimishwa kuitaja namba yake ya siri mbele ya watu atashindwa, na wote watasadiki kwamba ameisahau. Lakini mpe simu, kidole chake huenda kikaifuata njia kilichoizoea: juu kushoto, katikati, chini, katikati. Mkono unakumbuka mchoro ambao ulimi hauwezi kuutaja. Kabla ya kuamua kwamba namba imepotea, na apewe nafasi ya kuibonyeza mwenyewe, pasipo mtu kuchungulia. Akishindwa, achague mpya yenye umbo rahisi kwa kidole, isiyokuwa mwaka wake wa kuzaliwa. Kwa kufungua simu, alama ya kidole huondoa taabu hiyo, mradi iwe ya mkono wenye nguvu.

Kutuma fedha kuzoezwe kwa kiasi kidogo kati ya baba na binti, makato yakihesabiwa kuwa ni ada ya shule. Ukurasa wa mwisho, ule unaouliza kama mtu athibitishe au asitishe, ndio wa kuzoezwa zaidi, kwa sababu ile hatari ya "ndiyo" na "hapana." Kabla ya kuthibitisha, alinganishe jina lililotokea na jina lililobandikwa chini ya picha katika daftari, herufi kwa herufi kama mchoro, hata kama halisomi.

Matapeli wanaotuma ujumbe wa kuomba fedha "kwenye namba hii" huwategemea watu wasiosoma kwa makini, na mwenye afasia ni windo jepesi. Kanuni ya kumfundisha ni ya picha: ujumbe wa fedha usio na uso anaoufahamu haujibiwi, huonyeshwa kwa mtu mmoja aliyemchagua. Aliyemchagua yeye, si aliyejichagua. Ndugu mwenye nia njema naye huweza kuzoea kutoa leo elfu tano, kesho kumi, pasipo kuulizwa na mtu asiyeweza kuuliza. Kwa sababu hiyo yafaa taarifa ya salio ionekane kila juma mbele ya mgonjwa mwenyewe, na mabadiliko aonyeshwe kwa mafungu ya punje au vizibo, ambavyo havihitaji kutajwa kwa jina.

ZOEZI LA DARASANI

Kwa kuwa shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, mwalimu atumie ya kwake. Aibadilishe lugha yake iwe ambayo hakuna darasani anayeijua, kwa mfano Kifini au Kihungari, baada ya kuandika kwenye karatasi njia ya kurudi, hatua kwa hatua. Mwanafunzi mmoja apige picha ya kiti na kuituma kwa namba ambayo mwalimu ameiandaa. Mwenzake awe mwelekezaji, lakini asitumie neno lolote wala asiiguse simu.

Wengine waandike katika safu mbili. Safu ya kwanza: ni wapi mtendaji alisimama, na kwa sekunde ngapi. Safu ya pili: mwelekezaji alifanya nini wakati huo, alionyesha, alingoja, au alikunja uso. Zoezi lirudiwe mara tatu kwa mtendaji yuleyule, kisha darasa litazame ni hatua zipi zilizokuwa zinafanyika upesi mara ya tatu ingawa hakuna neno hata moja la Kifini lililojifunzwa. Mwisho mtendaji aulizwe alijisikiaje wenzake walipocheka. Jibu lake liandikwe kama alivyolisema.